Kifua na moshi wa jiji: pa kuanzia ukitaka kuvuta uchafu kidogo

Mkazi wa Dar es Salaam anayesumbuliwa na kifua huulaumu kwanza moshi wa magari ya Ubungo na Kariakoo. Hajakosea. Ila jioni akirudi nyumbani huwasha jiko la mkaa kwa kipande cha ndala, huchemsha maharage kwa saa tatu, kisha huwasha dawa ya mbu ya kuchoma na kulala nayo mpaka alfajiri. Kiasi kinachoingia kifuani kinategemea mambo matatu: hewa ina uchafu kiasi gani, umekaa humo kwa muda gani, na ulikuwa unahema kwa nguvu kiasi gani. Kwa mtu anayepikia mkaa, ukipiga hesabu hiyo kwa siku nzima, jiko na chumba cha kulala vinaweza kuizidi foleni ya barabarani. Ndiyo maana maelekezo haya yanaanzia jikoni.

Kinachoingia

Moshi wa eksozi, wa mkaa, wa taka zinazoungua na vumbi la barabara vyote ni mchanganyiko wa gesi na chembe. Chembe kubwa, za hadi maikroni 10 (maikroni ni sehemu ya elfu moja ya milimita), huitwa PM10. Nyingi hunaswa puani na kooni. Ndiyo makamasi meusi unayoyaona kwenye leso ukitoka mjini. Zile za maikroni 2.5 kushuka chini, PM2.5, ni nyembamba karibu mara 30 kuliko unywele. Hizo hupita zikashuka mpaka kwenye vifuko vidogo vya mapafu ambako oksijeni huingia kwenye damu, na zilizo ndogo kabisa huvuka na kuingia kwenye damu yenyewe. Hapo ndipo hewa chafu inapohusika na kiharusi na ugonjwa wa moyo, mbali na kifua.

Mirija ya hewa ina vinyweleo vinavyosukuma makohozi juu pamoja na uchafu ulionaswa. Moshi huvipunguzia nguvu vinyweleo hivyo na kuvimbisha ukuta wa mirija. Makohozi yakibaki chini, vijidudu hupata makao: mtoto hupata nimonia kirahisi, mwenye pumu hubanwa kwa jambo dogo, na mtu aliyevuta moshi kwa miaka mingi mirija yake huweza kubana isirudi tena. Mwaka 2020 mahakama ya uchunguzi wa vifo ya London iliandika hewa chafu kuwa mojawapo ya sababu za kifo cha Ella Adoo-Kissi-Debrah, mtoto wa miaka 9 mwenye pumu aliyeishi jirani na barabara kuu na kufariki mwaka 2013. Kabla ya hapo Uingereza haikuwahi kuandika hivyo kwenye cheti cha kifo cha mtu.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linataka wastani wa PM2.5 kwa mwaka usizidi mikrogramu 5 (mikrogramu ni sehemu ya milioni moja ya gramu) kwa kila mita ya ujazo, na kwa siku moja usizidi 15.

Kuhusu maziwa: imani kwamba glasi ya maziwa husafisha kifua cha anayefanya kazi kwenye vumbi au saruji haina msingi. Maziwa huenda tumboni, hayafiki mapafuni. Yanywe kwa kuwa ni chakula.

Jikoni: anza na maharage

Nyumba nyingi za mjini zina mtungi wa gesi na jiko la mkaa pamoja. Gesi hutumika kwa chai ya asubuhi na kupasha kiporo. Mkaa huachiwa maharage, makande na nyama ngumu, kwa hofu ya kumaliza mtungi. Kwa mfuko inaeleweka, kwa mapafu ni kinyume. Chai ni dakika 10, maharage ni saa tatu. Ukitaka kupunguza moshi kwa hatua moja tu, hamisha chakula kinachokaa motoni muda mrefu.

Gharama yake unaweza kuibana hivi. Loweka maharage usiku kucha, saa 8 hadi 12, umwage maji uliyolowekea. Yapike kwenye sufuria ya presha juu ya gesi. Moto ukishapandisha presha, upunguze mpaka mvuke utoke kidogo tu. Wengi huuacha moto mkubwa mpaka mwisho, gesi inakwenda bure. Mwenye umeme wa uhakika atumie jiko la presha la umeme: nusu kilo ya maharage hula chini ya uniti moja. Pika ya siku tatu kwa pamoja, gawa, hifadhi kwenye friji. Serikali ya Tanzania imejiwekea lengo la kufikisha asilimia 80 ya watu kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, lakini sufuria yako haihitaji kusubiri mwaka huo.

Kama mkaa haukwepeki:

1. Washia nje. Dakika za mwanzo ndizo zenye moshi mwingi, kwa sababu ya unyevu na visinga ambavyo havikuiva kwenye tanuri. Visinga vitoe kabisa, na mkaa uliolowa mvua uanike kwanza.
2. Washia vijiti vikavu au karatasi. Plastiki, ndala na kipande cha tairi hushika moto upesi, lakini moshi wake una sumu ambazo mkaa wenyewe hauna.
3. Subiri makaa yashike jivu la kijivu na moshi ukatike ndipo ubandike sufuria.
4. Pikia nje au barazani. Ikibidi ndani, liweke jiko karibu na dirisha au mlango, na pawe na tundu jingine upande wa pili, juu karibu na dari. Moshi hupanda, dirisha moja la chini halitoshi.
5. Usimbebe mtoto mgongoni ukiwa jikoni. Kichwa chake kiko palepale moshi unapopita.

Hatua ya tatu ina mtego unaoua watu. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayotoa kaboni monoksidi kwa wingi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoishika damu na kuinyima oksijeni. Misimu ya baridi Arusha, Mbeya na Nairobi, watu huingiza jiko chumbani wapate joto, wakafunga dirisha na kulala. Wasiamke. Hakuna kiasi cha mkaa kilicho salama ndani ya chumba cha kulala kilichofungwa, na kuweka sufuria ya maji kando hakusaidii kitu. Dalili ya hatari: watu kadhaa nyumbani kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kwa wakati mmoja, na kupata nafuu wakitoka nje. Toka, fungua milango, nenda hospitali useme kwamba mlikuwa na jiko la mkaa ndani.

Kwenye gesi, angalia rangi ya moto. Wa bluu uko sawa. Wa njano unaoacha masizi kwenye sufuria maana yake hewa haichanganyiki vizuri: funga gesi, acha jiko lipoe, toa vichwa vyake, osha kwa sabuni, zibua matundu kwa brashi ngumu, kausha kabisa ndipo uvirudishe. Dirisha liwe wazi hata ukipikia gesi, kwa sababu moto wake hutoa naitrojeni dioksidi inayochokoza mirija ya wenye pumu, na mafuta ya kukaangia yakifuka ni chembe vilevile. Jiko la mafuta ya taa si hatua ya kati ya kujivunia. Uchafu wake ndani ya chumba ni mwingi, na Shirika la Afya Duniani halishauri litumike nyumbani.

Chumba cha kulala

Hapa unakaa theluthi ya maisha, kwa hiyo hata chanzo kidogo hujumlika. Dawa ya mbu ya kuchoma, ile iliyojiviringisha, ndiyo ya kwanza kuondoa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulipima na kukuta kwamba kipande kimoja kikiungua mpaka mwisho hutoa PM2.5 sawa na sigara 75 hadi 137. Chandarua chenye dawa na wavu wa dirishani hufanya kazi hiyohiyo bila moshi.

Udi na ubani ni jambo la heshima nyumbani, na hakuna haja ya kuuacha kabisa. Fukiza dirisha likiwa wazi, tumia kipande kidogo, toa chetezo nje harufu ikishakaa, na msiingie kulala kabla ya nusu saa kupita. Chumba cha mwenye pumu, mama mjamzito au mtoto mchanga kisifukizwe.

Kufagia sakafu kavu hunyanyua vumbi likabaki hewani muda mrefu baada ya fagio kuwekwa. Nyunyiza maji kwanza au piga deki.

Kuhusu madirisha, suala ni saa ya kuyafungua. Usiku upepo hutulia na hewa ya baridi hukaa chini, hivyo moshi wa majiko, taka na magari ya kwanza hurundikana. Katika miji mingi hewa huwa mbaya zaidi kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, kisha tena jioni watu wanaporudi na kupika. Pwani, upepo wa baharini huchangamka kuanzia adhuhuri. Fungua kila kitu kuanzia saa 6 mchana mpaka saa 10. Nairobi miezi ya Juni hadi Agosti mawingu hukaa siku nzima, na Kampala mabonde yaliyo kati ya vilima hushika moshi, kwa hiyo huko alasiri haina uhakika sana. Mvua kubwa huisafisha hewa popote. Saa chache baada ya kunyesha ndizo nzuri za kupitisha hewa.

Mashine ya kusafisha hewa ina maana ikiwa chumba kinafungika. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye urefu wa mita 2.8 kina karibu mita za ujazo 34. Ili hewa yake izungushwe mara 5 kwa saa unahitaji mashine ya mita za ujazo 170 kwa saa, yenye kichujio cha HEPA, kile kinachonasa hata chembe ndogo sana. Nyumba yenye dirisha la wavu mtupu au uwazi kati ya ukuta na bati, hiyo pesa nunulia sufuria ya presha. Mashine inayotangazwa kutoa gesi ya ozoni usiiguse, ozoni yenyewe inaunguza mirija. Nayo mimea ya chunguni ni pambo: ingehitajika mingi kupita kiasi kwenye kila mita ya sakafu ndipo hewa ibadilike.

Barabarani

Moshi wa barabara kuu hupungua haraka ukisogea kando. Mita 150 hadi 300 kutoka barabarani, sehemu kubwa ya chembe ndogo za eksozi imeshatawanyika. Kupita mtaa wa nyuma badala ya ukingo wa barabara ya Morogoro huongeza dakika chache na kupunguza sana unachovuta. Ukilazimika kupita ukingoni, chagua upande ambao upepo unatokea.

Anayekimbia kwa mazoezi huvuta hewa mara kumi au zaidi ya aliyekaa, tena kwa mdomo, akiukwepa mchujo wa pua. Kukimbia saa 12 asubuhi kando ya barabara kuu kunaunganisha mambo yote matatu ya hesabu yetu kwa ubaya wake. Kimbilia ufukweni, uwanja wa shule au mitaa ya ndani.

Kwenye gari binafsi, ukiwa nyuma ya lori linalotoa moshi mweusi, funga vioo na bonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Kila baada ya dakika 15 hivi ingiza hewa mpya, hasa mkiwa wengi, la sivyo mtasinzia. Mwenye genge au kibanda akae mbali na pale daladala zinapokanyaga mafuta kuondoka. Hapo injini hutoa moshi mwingi kuliko zinapokwenda kwa mwendo. Jenereta la dukani liwe mita 6 au zaidi kutoka mlangoni, eksozi ikitazama nje.

Barakoa ya kitambaa huzuia vumbi kubwa, PM2.5 inapita. Ya hospitali ya rangi ya bluu huvuja pembeni. Inayofaa ni N95 au FFP2, barakoa za kuchuja chembe ndogo zinazobana uso, kwa dereva wa bodaboda, trafiki, mfagia barabara au yeyote anayeshinda moshini. Ivae hivi: kamba mbili zipite nyuma ya kichwa, moja juu na nyingine shingoni, bonyeza utepe wa chuma kwa vidole vya mikono miwili mpaka ukae kwenye pua, funika barakoa kwa viganja na upulize kwa nguvu. Ukihisi hewa machoni au mashavuni, bado inavuja. Kwenye ndevu haikai. Usiifue: uwezo wake unatokana na chaji ya umeme iliyomo kwenye nyuzi, na sabuni huiondoa. Itupe ikilowa, kamba zikilegea, au kuhema kukiwa kuzito. Na ukumbuke kwamba gesi hazizuiliki kwa barakoa hiyo.

Ukitumia programu ya simu kuangalia hewa, hakikisha kwanza unasoma nini. Nyingi huonyesha AQI ya Marekani, yaani namba ya kupima ubora wa hewa, si mikrogramu. Kwenye jedwali hilo, AQI 50 ni mikrogramu 9 za PM2.5, AQI 100 ni 35.4, AQI 150 ni 55.4. Kwa hiyo "80" ya rangi ya njano, iitwayo ya wastani, tayari imepita kiwango cha siku cha Shirika la Afya Duniani. Kampala ina mtandao mpana wa vipimo vya AirQo, mradi ulioanzia Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2015. Tazama saa zipi namba zinapanda mtaani kwako kuliko kushughulika na namba ya siku moja.

Mwenye pumu: inhela na chupa ya maji

Inhela ya bluu, salbutamol, hufungua mirija kwa saa chache; uvimbe uliosababishwa na moshi inauacha palepale. Anayeihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki anapaswa kuandikiwa inhela ya kuzuia yenye steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, kama beklometasoni au budesonidi, na kuitumia kama alivyoelekezwa hata siku ambazo hajisikii vibaya. Wengi huiacha wakipata nafuu, kisha msimu wa vumbi ukifika wanarudi hospitali kwa bajaji usiku. Baada ya kuvuta ya steroidi, sukutua na uteme, usije ukapata utando mweupe mdomoni.

Kosa kubwa ni kupuliza dawa ikagonga koo na kumezwa. Spesa, chombo chenye uwazi kinachokaa kati ya inhela na mdomo, huondoa tatizo hilo, na ya chupa ya plastiki ya nusu lita imepimwa kwa watoto Afrika Kusini ikaonekana kufanya kazi vizuri. Kuitengeneza:

Toa kopo la dawa kwenye inhela. Simamisha mdomo wa inhela kwenye kitako cha chupa safi na uchore umbo lake kwa kalamu. Kwa kisu au waya uliopashwa moto, ukiwa nje, toboa ndani kidogo ya mstari ili mdomo uingie kwa kubana. Tundu likizidi, dawa yote hutokea hapo. Toa vipande vilivyolegea, ziba pembeni kwa plasta. Osha kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, uiache ikauke yenyewe bila kuifuta, kwani kuifuta huipa chaji inayovuta dawa kwenye ukuta wa chupa. Rudia kuiosha hivyo kila wiki.

Kutumia: tikisa inhela, ichomeke kitakoni, mgonjwa akae wima na kufunga midomo kwenye mdomo wa chupa. Bonyeza mara moja tu, avute na kutoa pumzi taratibu mara 5 au 6 bila kutoa chupa. Subiri nusu dakika, tikisa tena, bonyeza ya pili. Kubonyeza mara mbili mfululizo hugonganisha matone yakanata kwenye plastiki. Mtoto mdogo asiyeweza kufunga midomo vizuri anahitaji spesa yenye barakoa yake.

Kuelea kwa kopo kwenye maji hakuonyeshi kiasi kilichobaki. Kopo nyingi zina mibonyezo 200: andika tarehe ya kuanza na uhesabu.

Mtu akibanwa ghafla, mkalishe wima, mpe mibonyezo 4 hadi 10 ya salbutamol kwa spesa, mmoja mmoja, na muanze safari ya hospitali. Rudia kila baada ya dakika 20 katika saa ya kwanza. Asiyeweza kumaliza sentensi, aliyegeuka midomo kuwa ya bluu, au ambaye mluzi wa kifua umekoma ghafla huku bado anahangaika kuhema, huyo yuko hatarini sana. Ukimya huo si nafuu. Hewa haipiti tena.

Kikohozi kisichoisha, na mtoto anayehema haraka

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipimwe kifua kikuu kwanza, hata kama unaamini ni moshi. Kipimo na dawa ni bure kwenye vituo vya serikali.

Mtoto mwenye kikohozi mhesabie pumzi akiwa ametulia au amelala, dakika nzima, kwa kutazama tumbo likipanda na kushuka. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi; miezi 2 hadi 11, 50 au zaidi; mwaka 1 hadi 5, 40 au zaidi: hizo ni dalili za nimonia, apelekwe siku hiyohiyo. Sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani kila avutapo, au akishindwa kunyonya, usisubiri kuhesabu.

Mtu mzima, hasa mama aliyepikia kuni au mkaa kwa miaka mingi na hajawahi kuvuta sigara, akichoka kwa kupanda ngazi chache na kukohoa makohozi kila asubuhi, aombe spirometria, kipimo cha kupuliza kwa nguvu kwenye mashine. Bila kipimo hicho huishia kuandikiwa antibiotiki mara kwa mara kwa ugonjwa ambao hauponi kwa antibiotiki. Na asisubiri kuulizwa. Amwambie daktari anapikia nini, kwa saa ngapi kwa siku, tangu lini, jikoni kuna madirisha mangapi, na kama jirani wanachoma taka.